Klori ya Bella

Sidonie Nizigama alifundisha kemia miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya Rugenge ambayo haikuwa na maabara. Tablo, yaani jedwali la elementi, aliichora mwenyewe kwa rangi juu ya shuka, na wanafunzi waliikariri safu kwa safu. Hakuna aliyeijua kama Bella, binti wa jirani yake Pélagie.

"Safu ya kumi na saba!" Sidonie alikuwa akisema, na Bella anasimama.

"Fluori, klori, bromi, iodi. Zote ziko na elektroni saba inje, zinakosa moja. Ukishuka, atomu inakuwa kubwa, na nguvu ya kuvuta elektroni inapunguka."

Bella alipata diplome yake ya sekondari, kazi hakupata. Kipindupindu kilipozidi, alichukuliwa kuosha vyoo kwenye kituo cha mahema ya wagonjwa kando ya ziwa. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo Sidonie naye alikuwa hapo jirani, akitia klori kwa bomba la sindano katika kila bidoni, dumu la maji ambalo watu waliteka ziwani.

Jumanne moja mchana akasikia makelele. Bella alikuwa ametolewa chooni, amelala mchangani, macho mekundu, anakohoa mpaka anajipinda.

"Uliweka nini mu ndoo?" Sidonie akamuuliza.

"Javeli... na asidi ya vyoo. Nilifikiri... zote mbili zitaua mikrobe zaidi."

Sidonie alielewa mara moja. Asidi ilikuwa imeifungua klori kutoka kwenye javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, ikatoka kama gesi, na gesi hiyo, yenye njaa ya elektroni moja, ilikuwa imeingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuwaambia wanafunzi jambo hilo. Halikuwa kwenye programu ya masomo, na yeye hakuwaza kulitaja.

Bella alikufa siku ya tatu, mapafu yamejaa maji.

Baada ya maziko, Pélagie akaja kusimama mlangoni kwa Sidonie. Hakukaa.

"Ni kitu gani kilimuua mtoto wangu?"

"Klori, mama Bella."

"Ile munatia mu maji?"

"Ni ileile, lakini mu maji iko kidogo sana, haiumize muntu. Kule chooni..."

Pélagie alikuwa amekwisha kuondoka. Tangu siku hiyo alipita na bidoni lake mbele ya Sidonie bila kusimama, na wanawake majirani wa avenyu yao wakamfuata, mmoja leo, watatu kesho. Sidonie alikunywa maji yenye klori mbele yao, kikombe baada ya kikombe. Waliangalia, wakapita. Mahema yakajaa wagonjwa.

Wiki ya nne aliletwa Pélagie mwenyewe juu ya pikipiki, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Wauguzi walikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini. Sidonie akachukua kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akapiga magoti.

"Kunywa, mama Bella."

"Iko na klori?"

Angeweza kusema hapana. Kila mtu angemwelewa.

"Iko. Chumvi yote iko na klori. Lakini ile imekwisha kupata elektroni yake. Sodiamu iko na moja tu inje, inaishika vibaya, basi inamuachia klori. Hapo klori inatulia, haitafute tena kitu mu mwili wa muntu. Bila hiyo utakufa."

Pélagie akauliza:

"Bella alijua hiyo?"

"Alijua. Lakini ile ya asidi sikumufundisha. Ni miye sikumufundisha."

Pélagie akageuza uso kuelekea kitambaa cha hema. Sidonie alibaki na kikombe mkononi mpaka muuguzi alipokuja kukichukua, na kutoka mkononi mwa muuguzi Pélagie akanywa, kidogo kidogo, siku nzima. Akapona. Alirudi nyumbani kwa miguu, na hakumsemesha Sidonie tena.

Shule ilipofunguliwa, Sidonie aliomba apewe darasa la jiografia. Mkuu wa shule akamwambia hakuna mwalimu mwingine wa kemia. Akaingia darasani, na kabla ya kutaja elementi hata moja akaandika ubaoni vitu visivyopaswa kuchanganywa. Ilimchukua saa nzima, maana mara kwa mara ilimbidi aache kuandika.