Mzigo Uliofungwa kwa Jani la Mgomba

Mume wangu ni fundi wa kufunga miraa hapa Laare, na ufundi huo ndio alioutumia kwa mtoto wetu. Kijana alikuwa amepita mwaka, anatembea kwa kushika viti, na makalio yake yalikuwa yamewaka vipele vyekundu. Nikimgusa na kitambaa analia mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nimemwaga poda, nimebana daipa zaidi, na mambo yakazidi kuharibika.

Basi mume wangu akafikiria kwa akili ya kazi yake. Miraa ikikauka hakuna anayeitaka, kwa hivyo inafungwa kwa jani la mgomba na inafika Nairobi ikiwa mbichi. "Kitu kilichofungwa kwa jani hakiharibiki," akaniambia. Nilikuwa nimechoka sana, nikaona ana maana. Akachagua jani laini, akalipitisha katikati ya miguu ya mtoto, akalikaza kwa kamba ya mgomba na kupiga lile fundo lake la kuonyesha wanunuzi. Fundo lilikuwa zuri, siwezi kumnyima sifa hiyo.

Mama yangu akatokea siku hiyohiyo kutoka Kanja, kule Embu, bila kupiga simu. Akampakata mjukuu, akasikia jani likilia. Akamfungua. Ngozi ilikuwa imelowa na kuchubuka.

"Huyu mlikuwa mnampeleka Nairobi na gari gani?" akauliza.

Hakuwa anacheka. Alisema Jumapili anarudi kwake, na kama mtoto hajapona ataondoka naye. Mama hatishi watu bure. Mtoto wa dada yangu alichukuliwa hivyo kwa sababu ya kikohozi, na mpaka leo anaishi Kanja, ndevu zinaota. Nikaingia jikoni nikalia.

Kwenye dispensari nesi alituambia tumwoshe kwa maji matupu ya vuguvugu, tumpanguse bila kusugua, tumwache uchi apate hewa. Daipa ibadilishwe mara inapolowa, na kabla ya kuivaa apakwe mafuta mazito ya zinki. Poda tuiache kabisa. Tulipomtajia jani, akauliza lilikuwa la nini.

"La kuzuia asikauke," mume wangu akajibu.

"Na sisi tunataka akauke," nesi akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Shida ikawa adabu. Mkwe mwenye heshima zake hawezi kutaja makalio mbele ya mama mkwe, na mama alitaka ripoti kila asubuhi. Mume wangu akayaita mzigo.

"Mwambie mama mzigo unakauka," ananiambia, macho kwenye paa.

"Mwambie nimesikia," mama anajibu, amekaa hapohapo.

Mtoto naye alishapenda uchi. Asubuhi moja alipenya mpaka kibandani tunakofungia miraa, akakojolea bunda lililokuwa tayari. Mnunuzi akafika, akalishika, akasema hajaona miraa yenye unyevu mzuri hivyo. Mume wangu akakataa kuliuza. Mnunuzi akaongeza bei. Kadiri mmoja alivyokataa ndivyo mwenzake alivyopandisha, na mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, kwa hivyo sababu haikuweza kutajwa. Jasho lilimtoka maskini.

"Ni mkojo wa mjukuu wangu," mama akasema mwishowe, na biashara ikaisha.

Jumapili mama alivaa sketi yake ya safari, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, mlangoni penye mwanga. Alikagua kwa muda mrefu. Nilijua anatafuta kipele. Ngozi ilikuwa safi. Mtoto akamkojolea. Mume wangu akakimbia akaleta jani la mgomba.

"Mwambie mama alikalie kwa gari."

Mama akalipokea. Kisha akavuta kikapu chake. Kumbe nguo za mtoto zilikuwa zimeshapangwa humo. Akazitoa moja moja, akiniwekea mapajani bila kuniangalia. Ya mwisho ilikuwa sweta ambayo sikuwahi kuiona, ameifuma mwenyewe. Ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu, na kwetu hakushika sindano hata siku moja; alikuwa ameifumia Kanja, kabla hajaona kipele hata kimoja.