Siku Niliyofungiwa Jikoni kwa Mama Mkwe

Aibu yangu naitaja mapema, msije mkafikiri nataka kujitetea: mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, nilikutwa nimejificha jikoni kwa mama mkwe wangu, shati jeupe limejaa masizi, maziwa kwenye masharubu, na waumini wa kanisa wamejazana mlangoni wakinitazama. Wenzangu wa soko la Daraja Mbili, ninakouza nguo za mitumba, wameshaisimulia hadithi hii mpaka mimi mwenyewe siitambui, ndiyo maana nimeona heri niiseme kwa mdomo wangu.

Mke wangu Kemunto alikuwa ametolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Upasuaji ulienda vizuri, tukamshukuru Mungu, halafu daktari akasema kuna vichembe vidogo vilivyobaki ambavyo kisu hakiwezi kuvifikia, na dawa yake ni ayodini yenye mionzi, ambayo Kemunto angeenda kuimeza Nairobi. Ili hiyo dawa ifanye kazi, lazima kwanza vile vichembe vinyimwe ayodini kabisa, vishikwe na njaa, ndipo dawa ikifika viinyakue bila kuuliza. Sasa ayodini yenyewe iko wapi? Iko kwenye chumvi yote ya dukani, iko kwenye maziwa, mayai, samaki, omena, hata mikate mingine (nilisoma maandishi ya nyuma ya pakiti mpaka mwenye duka pale Nyanchwa akaniuliza kama nimetumwa na serikali).

Huyu mwanamke, jamani, ninamvulia kofia. Vidonge vyake vya kila siku vilikuwa vimesimamishwa kwa ajili ya matibabu hayo, kwa hiyo alikuwa mchovu wa kutisha, anasikia baridi saa saba mchana, sweta juu ya sweta, na bado anawakaangia watoto mayai asubuhi, harufu imejaa nyumba nzima, na hata kulamba kidole halambi. Yeye anakula ndizi za kuchemsha na limau na pilipili, anacheka, anasema, "Baba Moraa, acha kunitazama hivyo, mimi si maiti." Mimi ningeshindwa mapema sana, tena ningesingizia watoto. Nafasi ya hospitali tulikuwa tumeingoja mpaka tukakata tamaa, na nesi alituonya kwamba akila ovyo siku hizi za mwisho, matibabu yanaweza kuahirishwa, yaani arudi nyuma ya foleni na ateseke upya. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha, nikajiteua mwenyewe kuwa askari wa chakula chake.

Jumapili ile, siku chache tu kabla ya safari, mama mkwe akaandaa maombi nyumbani kwake Nyamira. Akina mama wa kanisa, niliokuwa nikiwapigia simu kila siku kuwakumbusha habari ya chumvi na maziwa, walikuja, majirani wa mashamba ya chai walikuja, tenti likasimamishwa uani, na mchungaji akafika, mtu mpole kutoka Kakamega ambaye Kikisii hakijui, hivyo siku hiyo kila mtu alijikaza kusema Kiswahili, hata wale ambao Kiswahili huwatoa jasho.

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu mama mkwe. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mimi na mama wa mke wangu hatushikani mikono, hatukai karibu, na tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtu mwingine. Tangu nimuoe Kemunto, yule mama alikuwa hajanielekezea maneno hata mara moja. Anasema kwa Kemunto, "Muulize mgeni kama amekula," nami nimesimama pale pale nasikia, nasema kwa Kemunto, "Mwambie mama nimeshiba." Na jikoni kwake? Jikoni kwa mama mkwe mwanamume hakanyagi. Hata mlevi anajua hilo.

Basi nimekaa kwenye tenti, nimevaa vizuri, mara upepo ukageuka, nikasikia harufu. Chinsaga! Zile mboga zetu chungu, na mama mkwe wangu anajulikana mpaka Keumbu kwa namna anavyozipika, anazilaza na maziwa na malai mpaka uchungu wote unaisha. Nikamwinamia Kemunto, nikamnong'oneza, "Umesikia hiyo harufu? Hayo ni maziwa." Akasema, "Nilimweleza mama kila kitu. Tulia." Nikatulia labda dakika moja. Nikajiambia, mama amepika chinsaga na maziwa tangu enzi za ujana wake, mkono wake utajizuia kweli? Kama amesahau? Si ni mimi nitakayejilaumu? Nikasimama, nikasema naenda kupokea simu (simu haikuwa imelia, mungu wa waongo alikuwa ananiandalia yake).

Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu, akina mama walikuwa wamekwenda kupanga viti. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaingia. Ni kibanda cha udongo, chenye giza, kuni zimepangwa juu darini, mikungu ya ndizi mbivu imeegemezwa ukutani, na kwenye mafiga kuna sufuria mbili, kubwa na ndogo. Nikafunua ile kubwa, nikachota kwa upawa, nikaonja. Maziwa! Na chumvi! Nikasema nimemkamata. Nikachota tena (hii ya pili haikuwa ya uchunguzi, naomba mnielewe, nilikuwa na miezi sijala chinsaga namna ile).

Upawa ukiwa umejaa hivyo, nikasikia sauti za wanawake zinakuja. Hapo ndipo akili yangu ilipofunga biashara. Badala ya kurudisha ile chinsaga nilikoitoa, nikaimwaga kwenye sufuria ndogo, nikafunika, nikajitupa nyuma ya mikungu ya ndizi.

Wakaingia mama mkwe na Mama Dorika, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mama mkwe akasema, "Hii ndogo ni ya Kemunto. Mtu asiguse. Nimepika na sufuria mpya, maziwa hakuna, chumvi hakuna, hata upawa yake nimeweka mbali." Mama Dorika akamuuliza, "Na wewe unakula nini siku hizi, umekonda hivi?" Akajibu, "Nakula ile anakula. Mtoto wangu akilala bila chumvi, mimi nitaitia mdomoni namna gani?"

Kumbe huyu mama, huku Nyamira, peke yake, bila mtu kumwambia, alikuwa amekula bila chumvi siku zote hizo pamoja na mwanawe, na hata Kemunto hakuwa anajua. Na mimi, askari, nimetoka kumwaga chumvi na maziwa ndani ya chakula chake. Nilitaka kutoka nikiri pale pale, lakini kutoka maana yake ni mama mkwe anione jikoni kwake, na kabla sijaamua, nikasikia Mama Dorika akisema mbwa watakula nyama, tufunge. Mlango ukafungwa. Kufuli likalia kwa nje.

Maombi yakaanza. Kupitia ufa wa ukuta niliwaona wote wameinamisha vichwa, na mchungaji akasema kwa upole, "Naomba mume wa dada yetu asogee, amshike mkono tunapomwombea." Kimya. "Mume yuko?" Watu wakaanza kugeuka. Nikamwona Kemunto akitoa simu kwenye mkoba, na nikajua kinachokuja, nikaanza kupapasa mifukoni kwa haraka, lakini simu ilikuwa imeteleza ikaanguka chini kati ya ndizi. Nao mlio wa simu yangu ni sauti yangu mwenyewe niliyoirekodi sokoni nikiwaita wateja. Jikoni kwa mama mkwe, katikati ya maombi, ikapaza sauti: "Inama! Inama uchague! Mali safi, mama, inama!"

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Vijana wakashika fimbo. Mama mkwe akaja na ufunguo, akafungua, nuru ikaingia, nami nikasimama taratibu kutoka nyuma ya ndizi, buibui kichwani. Alinitazama sekunde moja tu, akajifunika uso kwa leso, akageuka mgongo. Mama Dorika akashangaa, "Tata! Si huyu ni mkwe?" Mchungaji akakohoa, akasema, "Bwana asifiwe, amepatikana," na hapo tenti zima likaangua kicheko, watoto, wazee, kila mtu. Kemunto alicheka mpaka akashika shingo yake pale kwenye kovu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku tulipopewa majibu ya daktari, na nawaambia ukweli, kwa dakika ile niliona aibu yangu imepata kazi nzuri.

Ningekuwa na bahati, mkasa ungeishia hapo. Lakini wakaanza kupakua, na ile sufuria ndogo ikabebwa mpaka mbele ya Kemunto, akapakuliwa, akafumba macho akaomba, akachukua kijiko. Kuna sauti ndani yangu iliyosema nyamaza, tayari umeshaaibika vya kutosha, ni upawa mmoja tu. Nikamtazama na sweta zake mbili, nikakumbuka asubuhi zote zile za mayai. Nikapayuka, "Usile! Nimemwagia ya maziwa!"

Mama Dorika akaweka mikono kiunoni. "Wewe! Wewe ndio ulikuwa unapigia sisi simu kila siku, chumvi hapana, maziwa hapana, na wewe ndio umetia?" Kemunto akaweka kijiko chini polepole. Alikuwa na njaa, na mezani chakula kimejaa mpaka pembeni. Akasema tu, "Asante umesema. Nitangoja." Hakuninunia, hakulia. Mchungaji akasukuma sahani yake mbele, akasema naye atangoja, na mmoja baada ya mwingine watu wote wakaacha kula. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi ya Nyamira ilinikataa.

Mama mkwe alichukua panga, akaenda shambani, akarudi na mkungu mbichi begani na mboga mkononi, mwanamke wa umri ule, akapita katikati ya wageni mpaka jikoni. Nikasikia akisugua sufuria. Kisha akatokea mlangoni. Akanitazama moja kwa moja usoni, mimi, si Kemunto, si mtu mwingine.

"Si umeshaingia?" akasema. "Basi kuja. Shika kisu, menya ndizi."

Nikaenda. Nikakaa kwenye kigoda jikoni kwa mama mkwe wangu, wanawake wa kanisa wamejaa mlangoni wanacheka mpaka wanashikana mabega, utomvu umenishika vidole vyote, nazimenya vibaya, na yeye ananirekebisha, "Si hivyo. Kata huku kwanza." Tulizichemsha na mboga zile, bila chochote. Kemunto alikula sahani nzima, akaongeza, akasema, "Mama, tamu," na mama yake akageukia moto akapangusa macho akisingizia moshi, ndipo sote tukala.

Kemunto alienda Nairobi, akapimwa, akapokelewa siku ile ile aliyopangiwa, akameza dawa yake, akakaa kwenye chumba cha peke yake mpaka wakamruhusu. Amerudi, na uchunguzi wa mwisho ulikuwa safi. Mimi sokoni naitwa Mkwe wa Jikoni, na wateja wasio na adabu huniomba niwapunguzie bei la sivyo watanipigia simu.

Nimeapa mbele ya mke wangu na mchungaji kwamba sitaingia tena jikoni kwa mama mkwe bila kuitwa. Shida ni moja tu: siku hizi ananiita.