Nyuma ya Mama Mudogo

Juzi, kwenye tamasha la bure barabarani katikati ya mji, niliona katoto kakimuiga mwanamke aliyekuwa akicheza mbele yake. Watu walicheka. Mimi niliangalia chini.

Nami nilipokuwa mtoto niliwahi kufanya vile, kwenye barabara ileile ya Bunia. Mama mudogo, ndugu ya mama yangu, alikuwa amekimbia vita huko Djugu akaja kukaa kwetu Nyakasanza. Alikuja bila kijana wake wa kwanza, na nyumbani hakuna aliyetaja jina lake.

Alasiri ya tamasha la wakati ule kulinuka samaki wa Kasenyi wa kuchoma, na bafle, zile spika kubwa za muziki, zilitetemesha mabati ya maduka. Kisha magitaa yakanyamaza, wazee wa Djugu wakapanda jukwaani na ngoma tatu. Mama mudogo akavua viatu. Akacheza ameinama, mikono kichwani, akizunguka polepole. Nilidhani ni furaha. Nikamfuata nyuma, mikono kichwani, matako juu. Watu wakacheka, nami nikazidisha.

Ngoma ilipoisha aligeuka akanikuta vile. Uso wake ulikuwa umelowa. Akanikumbatia.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Siye tulikimbia bila kumuzika kaka yako. Leo tumemuchezea."

Ilikuwa ngoma ya matanga.

Sasa amezeeka. Kila mgeni akija, humwambia kwamba katika mji mzima ni mimi tu niliyemsaidia kumlilia mwanawe. Mimi huenda jikoni kuangalia chai.