Nukta Isiyojulikana Ilipo

Kazini walimwita Kiguu na Njia, maana kiti hakikumweka. Mtaalamu huyu wa nyota alikuwa amekodolea macho picha za darubini, akibadilisha chujio moja la rangi baada ya jingine. Nukta moja ilionekana kwenye chujio jekundu kabisa. Kwingine kote hakuna kitu. Huenda ni galaksi ya kale mno, ambayo mwanga wake umegeuka mwekundu kwa safari ndefu, au ni vumbi tu linalomchezea shere. Akainuka, akazunguka meza, akaketi, akainuka tena.

"Hebu tulia, unanitia kizunguzungu!" Mama yake, aliyechoka kungoja kutembelewa, alikuwa amefunga safari mwenyewe mpaka ofisini. "Hiyo nukta sasa hivi iko wapi?"

"Sijui, mama. Mwanga huu uliondoka huko kabla dunia haijakuwepo, ndiyo kwanza unafika. Tunaiona ilivyokuwa, siyo ilivyo. Pengine hata haipo tena."

Mama akachukua picha yake mwenyewe ya zamani iliyokuwa pale mezani, nywele nyeusi tii. Kisha akavua kilemba. Kichwa chote kilikuwa cheupe pe.

"Kumbe ndivyo unavyonitazama na mimi."

Kiguu na Njia akaganda, hana pa kwenda.