Ngumi Iliyojaa

Juzi mwanangu alikuwa anacheza mchezo kwenye telefoni. Mzee mmoja wa ndani ya mchezo akamzibia njia, akitaka kumtuma. Maandishi yakatokea: orodha imejaa, futa kazi moja. Akafuta moja bila kuisoma.

Mimi utotoni, kule Mususa, nilihesabu kazi kwa kukunja vidole vya mkono wa kushoto, maana wa kuume ulibeba bidoni la maji. Mkubwa yeyote aliyeniona barabarani alinituma. Siku moja ilikuwa chumvi, misumari ya fundi, kitunguu, sabuni, na salamu za katekista. Vidole vitano, ngumi ikajaa. Ndipo bibi jirani yetu, Koko Masika, akaniita kutoka mlangoni.

“Weye mutoto, kimbia kwa mwanangu Paluku. Umuambie leo asiende Kamango. Njia haiko muzuri.”

Sikuwa na kidole. Nilidhani ujumbe ukimshinda mtoto mmoja, hupewa mwingine.

Nilimpita Paluku akifunga mizigo kwenye pikipiki, harufu ya petroli imejaa njia nzima. Akanipungia. Nikampungia kwa ngumi, vidole visije vikafunguka.

Hakurudi. Miaka yote Koko alisema mwanawe alikuwa kichwa ngumu, aliambiwa akakataa. Na mimi aliendelea kunituma.

“Huyu mutoto,” alisema, “hasahau kitu.”