Mwenye Bunduki Alikuja Mchana wa Ijumaa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtacheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinifika mimi mwenyewe, hapa Bagamoyo, barazani kwangu, mchana, nikiwa macho na akili zangu timamu. Watu wanadhani mambo haya ni ya usiku tu. Nani kawaambia?

Mwanangu Hemedi ni fundi wa kuchonga milango. Mkono wake wa kulia ndio unaotulisha sote: mimi, mkewe Zuhura na watoto wao wanne. Lakini ana ugonjwa mmoja, bunduki kuukuu. Si za kupigia, za kutazama tu. Anazozipenda zaidi ni zile za Marekani za zamani, za wale wapanda farasi wao, zenye mkono wa chuma chini, hapo kwenye kifyatulio. Unaushusha mkono ule, unaupandisha, risasi inaingia. Huku kwetu zilifika na wawindaji wa pembe, siku za misafara. Alikuwa nazo mbili, zimezibwa mitutu na zina karatasi za polisi, kazitundika ukumbini pale ambapo wenzake hutundika picha ya Makka.

"Hemedi, hizi maiti zako utazizika lini?"

"Mama nawe! Hii ni historia."

"Historia ndiyo nifutayo vumbi mimi kila asubuhi?"

Ya tatu aliinunua kijijini Mlingotini, kwa mama mmoja mjane. Ubavu wake wa shaba, imeviringishwa nguo ya merikani iliyogeuka rangi ya chai. Karatasi zake zilikuwa bado kwa shemeji wa yule mjane, lakini Hemedi hakuweza kungoja. Akaibeba hivyo hivyo, akaiweka chini ya kitanda. Jioni ile akaifungua, akaipaka mafuta, akaushusha mkono wa chuma, akaupandisha. Kacha-kacha. Mara ngapi sijui. Nilimsikia kutoka jikoni mpaka nikampigia kelele.

Alipolala tu, mambo yakaanza. Mkono wake wa kulia unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, kama unakoki bunduki. Zuhura akiushika unamshinda nguvu. Siku ya nne ukaanza na mchana. Patasi ikamponyoka, ikachana ua la mlango aliouchonga mwezi mzima. Hospitali walisema mishipa, wakampa vidonge. Mimi nikamsomea Yasini, nikamsugua kwa mafuta ya habasoda. Mkono haukusikia hili wala lile. Nyumba nzima tukawa hatulali, hatuketi, kila mtu anatembea ovyo kama kapoteza kitu. Fundi asiyeweza kushika patasi, watoto wake watakula nini?

Ijumaa ile wanaume walikuwa msikitini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mbele ya nyumba tope tupu. Zuhura yuko uani anakuna nazi, mimi niko barazani nachambua mchele. Nikasikia hodi. Kuinua macho, mwanamume mtu mzima kasimama hapo, kanzu yake imefifia.

"Assalaam alaykum, mama."

"Waalaykum salaam. Karibu kitako."

Kwetu mgeni haulizwi jina wala shida kabla hajakaa na kunywa maji. Nikampa kiti, nikamtilia maji kikombeni. Ndipo nikaona miguu yake. Mitupu, na ina vumbi jekundu la bara, kavu kabisa. Vumbi kavu, siku ya mvua! Nikatupa jicho kwenye tope: hakuna wayo hata mmoja. Akanywa, nikaona koo lake likimeza, akanirudishia kikombe. Kimejaa vilevile. Niaminini, mkono wangu ulikipima uzito.

Mtaniuliza mbona sikukimbia. Moyo wangu ulikuwa kwenye ile bunduki chini ya kitanda, isiyo na karatasi kwa jina letu. Nilidhani tumetumiwa mpelelezi, na mtu anayeogopa mwanawe kufungwa haoni hofu nyingine.

"Nimekuja kuchukua amana yangu," akasema. "Bunduki. Niliiacha Mlingotini."

"Humu hamna bunduki ya Mlingotini."

"Mama, naomba kweli."

"Wallahi hamna!"

Nimeapa. Mimi, mtu wa swala tano, nimemtaja Mungu juu ya uongo, na hotuba ya Ijumaa inasikika kwenye kipaza sauti. Mgeni hakukasirika. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala gotini, ukaanza. Unashuka, unapanda. Unashuka, unapanda. Ule ule wa mwanangu.

"Basi tungoje," akasema. "Mimi na mwanao, sote tungoje."

Zuhura akatokea mlangoni na bakuli la tui. "Mama, mgeni gani huyo mwenye sauti nzito hivyo? Nimpakulie na yeye?" Akasita. "Mbona kiti kitupu?"

Kiti hakikuwa kitupu! Mimi nilikuwa namwona mpaka mvi za nyusi zake. Nikafumba macho, nikaisoma Ayatul Kursiyyu. Nilipoyafumbua, kitini pamebaki vumbi jekundu.

Hemedi aliporudi hakuweza hata kuvua kofia, mkono haushikiki. Nikamkalisha mbele yangu.

"Yule mjane alikwambia nini siku ile?"

"Alisema marehemu mumewe aliusia isiuzwe."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akainama. "Nilimwambia, marehemu hayupo, bibi, na bunduki inaliwa na kutu."

"Inuka. Kailete."

Alasiri ile ile tukaenda Mlingotini kwa bajaji, mkono wa Hemedi umefungwa kifuani kwa kanga ya mkewe. Yule mjane alipotuona na lile furushi, hakutungoja tuseme.

"Kawafikia na nyinyi?" akauliza. "Alianzia hapa, Jumatano. Kaniuliza amana yake iko wapi. Nikadhani ni mtu wa mambo ya karatasi, nikamwambia kweli: iko Bagamoyo, kwa Hemedi fundi wa milango."

Kumbe aliponijia mimi alikuwa anajua. Hakuuliza ili ajue.

Shemeji wa mjane ndiye aliyetueleza. Bunduki ile aliiacha mwindaji mmoja kwa babu wa babu yao, akielekea bara, akasema akirudi ataichukua. Hakurudi. Wakairithishana ulinzi wake, si mali yake. Mara moja kwa mwaka wanaitoa, wanaianika, wanaifunga tena, na hakuna aliyewahi kuuchezea ule mkono wa chuma. Hemedi akaiviringisha tena kwenye merikani yake kwa mkono wa kushoto, akamkabidhi yule shemeji mbele yetu sote, akaomba radhi. Tulipofika njiani, mkono ukatulia.

Ulitulia, lakini haukurudi mzima. Vidole vitatu vya mwisho, vile vinavyoingia kwenye pete ya ule mkono wa chuma, vimejikunja mpaka leo. Milango mikubwa hachongi tena. Anachora maua kwa penseli, wengine wanachonga, naye anasimama nyuma yao akiuma midomo. Na mimi? Maalim aliniagiza kafara ya kiapo, nikalisha masikini kumi, nikafunga na siku tatu juu yake. Bado sina raha. Nikisikia hodi mchana nainuka kabla ya hodi ya pili, na situlii mpaka nimeona nyayo za aliyekuja.

Nyinyi mnaopenda vitu vya kale, mnavinunua, mnavipiga picha, jihadharini. Anayekuuzia anaweza kuwa hana haki ya kuuza, na wewe ukajifanya hukusikia.

Usiku wa Ijumaa ile niliwakusanya wote ukumbini, mpaka watoto. Nikawaambia: "Kitu cha zamani hakipiti mlango huu mpaka tujue nani alikiacha na kwa maneno gani. Na akija mtu kudai chake, awe nani, mimi nipo au sipo, mwambieni kweli."