Mchina Tuliyemlilia Bomani

Vita vilipokwisha, Wajerumani walituletea China. Sitanii. Walikuwa wamekwisha kutunyongea waume na kutuchomea maghala, na watu walikuwa wakichimba mizizi porini wasife njaa. Ndipo ikaja amri: vijiji vyote vya karibu na Songea vifike bomani kusikiliza habari za China na kutazama vitu vya huko. Mimi na mama mkwe wangu tulitoka upande wa Mshangano alfajiri, matumbo matupu. Asiyekwenda alijua viboko vinamngoja.

Mume wangu alinyongwa hapohapo bomani pamoja na wenzake, wakafukiwa katika shimo moja. Bwana mkubwa wa boma akapiga marufuku kuwalilia. Hakuna matanga, hakuna kilio, hakuna kunyoa. Sasa katika ukoo wetu mjane hulia kwanza mbele za watu, kisha ndipo hunyolewa, na asiyenyolewa bado yuko mikononi mwa maiti. Hapikii watu, wala marehemu hatajwi kinywani mwake. Nilikaa hivyo, nywele zimenijaa kichwani na hasira imenijaa kifuani. Huzuni sikuwa nayo bado, maana huzuni nayo hutaka nafasi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumlilia mume wangu kwa sauti, mchana kweupe, watu wakisikia.

Bomani tulikuta baraza imepambwa. Kulikuwa na vikombe vyembamba hata ungeogopa kuvishika, kitambaa chekundu cha hariri chenye ndege, kofia, panga, na ukutani picha kubwa za watu na majumba. Bwana mkubwa alikuwa amepigana China kabla ya kuletwa kwetu, na vitu hivyo aliviokota huko, kama vitu vya watu vinavyookotwa vitani. Alisimama akasema, na mkalimani, mtu wa pwani aliyejifunza Kingoni, akatugeuzia maneno. Wachina ni wengi mno. Wana mfalme wao. Wana chai, wana wadudu watoao hariri, na Wajerumani wamejipatia bandari huko na wanajenga reli. Alieleza kirefu jinsi jani la chai linavyochumwa na kukaushwa, akitueleza sisi ambao mtama wetu ulikuwa majivu. Mama mkwe akaninong'oneza:

"Mwanangu, hao wadudu wa hariri wanaliwa?"

Nilibana kicheko, na askari aliyekuwa karibu akanikazia macho.

Kisha bwana mkubwa akafika pale alipotaka kufika. Wachina nao, akasema, waliasi. Waganga wao waliwadanganya kwamba risasi za wazungu hazitawaingia, wakaamini, wakazikimbilia bunduki, wakafa. Akatutazama mmoja mmoja ili tuone aibu. Nilimwelewa vizuri sana, maana waume zetu nao waliahidiwa hivyohivyo kwa maji ya dawa. Lakini aibu haikuja. Kilichonijia ni furaha ya uchungu, kwamba mbali huko, kwa watu tusiowajua, kulikuwa na wanaume kama wetu, waliokataa kufanywa punda wakiwa hai. Alidhani ametuletea fimbo, kumbe ametuletea ndugu.

Kosa lake kubwa lilikuwa lile la mwisho. Aliamuru tupite kwa mstari, kila mtu avione vitu kwa karibu. Na mwishoni mwa baraza, kwenye msumari, alikuwa ametundika msuko mmoja mrefu wa nywele nyeusi. Mkalimani akasema wanaume wa huko husuka, na hizi ni nywele za mmoja wa waasi, zilikatwa alipouawa.

Kwetu nywele za mtu ni mtu. Na sisi hatupiti penye maiti kimya. Hata akiwa mgeni usiyemjua, aliyeanguka njiani kule Madaba, unavunja tawi, unaliweka, unamlilia, ndipo unaendelea na safari yako. Kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo, isipokuwa mwenye maonyesho.

Nilitoka kwenye mstari, nikavunja tawi kwenye ua wa boma, nikaliweka chini ya ule msuko, nikapiga magoti. Nikalia.

"Ee ndugu yangu! Nani alikufumba macho? Walikutupa wapi? Mama yako yuko wapi akuone? Ulikwenda mbele na hukurudi, na mimi wamenifunga mdomo!"

Sijui nililia kwa muda gani. Najua kwamba mama mkwe alipiga magoti ubavuni mwangu akamwita mwanawe, na wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaenda kuvunja matawi. Boma zima likawa msiba. Bwana mkubwa akawa mwekundu, akapiga kelele kuuliza kuna nini.

"Wanamlilia Mchina, bwana mkubwa," mkalimani akajibu.

"Waulize kwa nini! Wanamjua?"

Mkalimani akainama kwangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa mlangoni. "Dada, mwenye nguvu mpishe. Niseme nini?"

"Mwambie amri yake ilikataza kuwalilia watu wetu," nikasema. "Huyu si mtu wetu."

Akasimama, akayasema yote bila kupunguza neno. Nampa heshima yake mpaka leo. Mwenye bunduki akishindwa kwa maneno hutoa adhabu: wanawake wote tuliolia tukatakiwa kesho yake kwenye kazi ya barabara. Picha zikashushwa, vikombe vikafungwa kwenye majani makavu, na China ikaisha hapo.

Tulipofika kijitoni, njia ya kurudi nyumbani, mama mkwe akaweka mzigo wake chini. "Umelia, mwanangu, na watu wamesikia," akasema. "Kaa." Akanilowesha kichwa kwa maji ya kijito, akaninyoa kwa kisu chake kidogo, taratibu, huku akinena na mwanawe. Nilipomaliza kunyolewa nilimnyoa yeye. Hapo ndipo huzuni ilipopata nafasi yake, nayo ilikuwa nzito.

Asubuhi tulijipanga mstari barabarani, majembe mikononi. Askari akapita akitukagua, akafika kwangu, akakitazama kichwa changu kitupu.

"Wewe, umefiwa na nani?"

"Na mume wangu," nikasema. "Aliyenyongwa bomani."

Akainua kiboko. Mwanamke wa pili hakungoja aulizwe. Alivua kitambaa kichwani, naye amenyoa.

"Na wangu," akasema.

"Na wangu," akasema wa tatu.